Kidevu cha Kenge

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita yule mshona viti kwa jina lake. Alikuwa Fundi tu, mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano, aliyeshona viti vya magari kwenye banda lililoegemea ukuta wa nyumba yake. Mumewe alikuwa Dereva. Na walivyoitwa na watu ndivyo walivyoitana wenyewe humo ndani. "Fundi, umeiona miwani yangu?" "Ipo kichwani, Dereva."

Dereva alikuwa ameendesha malori ya safari ndefu tangu ujana wake mpaka mvi zikamwingia. Alipostaafu alisema, "Maisha yangu yote nimeendesha gari la kupandia ngazi. Sasa nataka la kushukia." Tukadhani ni utani wake wa kawaida. Haukupita muda akaja na gari la michezo la zamani, la milango miwili, jekundu lililopauka kwa jua, fupi kiasi kwamba mtoto wa shule alisimama kando yake akaona juu ya paa. Fundi alitoka bandani na mkasi mkononi, akalizunguka.

"Hili limesimama au limelala?"

"Ndilo umbo lake hilo."

"Dereva, hili linatambaa. Hili ni kenge."

Jina likashika. Fundi aliling'oa viti vilivyochakaa akavishona upya kwa ngozi nyeusi, uzi mwekundu, kazi ambayo mteja yeyote angeisubiri mwezi mzima. Dereva akahangaika na injini mpaka ikaacha kukohoa. Lakini shida ya Kenge haikuwa viti wala injini. Ilikuwa kidevu. Hivyo ndivyo Dereva alivyoiita ile sehemu ya chini ya bampa la mbele, faiba nyembamba iliyotangulia magurudumu na kukaribia kulamba lami. Kila tuta liliitaka. Kila ukingo wa maegesho uliitaka. Akirudi matembezini, kabla hata ya kunawa mikono, Dereva alilala kifudifudi kwenye kipande cha zulia na tochi yake, akachungulia kule chini kama daktari wa meno. Fundi alimpita na ndoo ya maji akisema, "Mke mwenzangu anaendeleaje leo?"

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba. Kikombe kilimponyoka Dereva mezani, wakacheka. Kisha funguo. Kisha asubuhi moja Fundi alimkuta ameketi kitandani, shati wazi, anakitazama kifungo kama mtu aliyetukanwa. Daktari aliwakalisha pamoja, akawaambia bila kuzungukazunguka: mishipa inayoiamrisha misuli ilikuwa inakufa. Ugonjwa ungeanza na mikono, ufuate miguu, na mwisho kifua. Dawa za kuupunguzia kasi zilikuwepo. Ya kuuponya haikuwepo.

Walirudi na Kenge, Dereva akiwa ameshika usukani. Kwenye tuta la kuingilia mtaani mkono ulimteleza, gari likaenda lilivyotaka, na kidevu kikasaga saruji kwa sauti iliyotutoa watu mabarazani. Alizima injini palepale, katikati ya njia.

"Njoo ukae huku," akamwambia mkewe.

"Mimi hili silijui."

"Utalijua. Mimi nipo."

Ndivyo Fundi alivyojifunza Kenge. Yeye alikuwa amezoea kigari cha kubebea mizigo, kile ambacho tuta unalipanda tu na maisha yanaendelea. Dereva alikaa kushoto kwake, mikono imelala mapajani, akamfundisha kwa mdomo.

"Tuta usiliendee uso kwa uso. Lipande mshazari, gurudumu moja moja."

"Kama mwizi anayeruka ukuta."

"Kama mgeni mwenye adabu anayeingia mlangoni. Na breki usiikanyage ukiwa umeshafika. Ukikanyaga, gari linainamisha kichwa, kidevu kinagonga. Punguza mapema, halafu achia. Litainua pua lenyewe."

Alipoona kidevu bado kinakwaruzwa, Fundi akaamua kukivalisha. Dereva alikuwa ametunza stoo yale mapazia manene ya mpira yaliyoning'inia nyuma ya magurudumu ya lori lake la mwisho, yale ya kuzuia matope. Fundi aliyakata vipande kwa kisu cha ngozi, akavichonga vifuate mkunjo wa bampa. Mdogo wake Dereva, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaleta bolti na keekee ya umeme. Gari likapandishwa kwenye jeki na magogo, Fundi akalala chini yake, na Dereva kwenye kiti chake kivulini akawa msimamizi.

"Vichwa vya bolti vizame ndani ya mpira. Vikitokeza, ndivyo vitakavyokuwa vya kwanza kusagwa."

"Nimevizamisha."

"Na mpira ushuke chini ya faiba kidogo, ugusane na barabara kabla yake. Ukigusa utausikia unasema shhh. Hapo simama, rudi nyuma, tafuta njia nyingine."

"Yaani unataka hata gari liniambie ninyamaze."

Shemeji mtu alicheka, lakini alipokuwa akikusanya vifaa vyake alimvuta Fundi pembeni. "Shemeji, kaka anahitaji gari la kuingia bila kukunjwa kama godoro. Kikaango hiki kiuzeni."

"Kaka yako bado anafurahi akikaa ndani yake," Fundi alijibu. "Siku atakayosema basi, tutauza."

Na kweli alifurahi. Jioni, banda likishafungwa, Fundi alimtoa kwa kumkumbatia, mkono mmoja mgongoni, mwingine nyuma ya magoti, akamshusha kitini taratibu. Walizunguka mji bila safari yoyote. Dereva alifumba macho akasikiliza. Mpira ukisema shhh, aliinua kidole kimoja, na Fundi akasimama. Sauti yake ilipoanza kuwa nzito, maneno yakimtoka kama mtu anayebeba gunia, kidole kile kiliendelea kusema. Kidole kilipokataa, alibakiwa na macho, akiyakaza Fundi akaelewa. Tangu mpira ule ufungwe, kidevu hakikupata hata alama. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa akilala kwenye zulia na tochi sasa, kisha anampelekea ripoti chumbani: "Hajaguswa. Mzima." Dereva alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado unamsikiliza.

Mchana mmoja pumzi ilimkatika. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kifuani. Fundi alimkuta mdomo wazi, anavuta hewa isiyoingia, midomo imebadilika rangi. Alipiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa asubiri. Alimpigia shemeji, hakupokea. Fundi hakusubiri. Alimbeba, safari hii bila utaratibu, akamweka kwenye kile kiti cha uzi mwekundu, akamfunga mkanda.

Barabara ya hospitali ilikuwa na matuta ya saruji, marefu, yaliyotoka kujengwa karibuni. Kwenye la kwanza Fundi alifanya kama alivyofundishwa. Alipunguza mapema, akakata usukani kwenda mshazari. Gari la upande wa pili likawa linakuja, ikabidi alingoje lipite ndipo apate nafasi. Nyuma watu wakapiga honi. Na Fundi bado alikuwa anakilinda kidevu, kwa sababu ndivyo mwili wake ulivyokuwa umezoea.

Dereva akasema neno. Alikuwa hajasema neno linaloeleweka kwa siku nyingi.

"Nyoosha."

Fundi akamgeukia. Dereva hakuwa anaitazama barabara. Alikuwa anamtazama yeye.

"Nyoosha," akarudia. "Twende."

Akanyoosha. Alilipanda lile tuta uso kwa uso. Mpira ulisema shhh, kisha ukachanika, kisha faiba ikapasuka kwa kishindo walichokisikia miguuni mwao. Tuta la pili likachukua kilichobaki. Kipande cha bampa kilikokotwa chini ya gari mpaka getini pa hospitali, kikipiga kelele njia yote. Fundi alikuwa analia na kusema, "Nisamehe, Dereva, nisamehe," na hakujua anaomba msamaha kwa lipi.

Madaktari walimpokea haraka, wakamfunga mashine ya hewa. Aliishi mpaka mdogo wake akafika, wakashikana mikono. Alfajiri akaondoka, Fundi akiwa ameegemeza kichwa kwenye godoro kando ya mkono wake.

Baada ya mazishi na watu kutawanyika, Kenge alibaki uani na mdomo wazi, vipande vya mpira vikining'inia. Fundi alipita kando yake kila siku kwenda bandani, hakumgusa. Jirani mmoja, mnyoosha bodi za magari, alijitolea kumziba bila malipo, akaambiwa aache kwanza.

Siku moja shemeji alikuja kumjulia hali. Akasimama mbele ya gari, mikono mfukoni, akatikisa kichwa.

"Kaka angeumia sana kuliona hivi. Alivyokuwa analitunza."

Fundi alikuwa anaanika kitambaa cha kiti. Akakiweka chini.

"Yeye ndiye aliyeniambia."

"Alikuambia nini?"

"Nyoosha. Mimi nilikuwa nimeshakata kona, nalea kidevu, na yeye hana pumzi. Akatumia pumzi aliyokuwa nayo kuniambia nyoosha." Akafuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Nikiwa peke yangu nahesabu ile pumzi, shemeji. Najiambia, kama ningenyoosha mwenyewe, bila kuambiwa, ingembakia."

Shemeji alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suruali yake ya dukani. "Simu yako niliiona," akasema. "Nilikuwa na mteja."

Fundi akaenda, akakaa kando yake. Mama mmoja aliyekuja kufuata kiti chake aliwakuta hivyo, akarudi nyuma polepole, akaahidi kupita kesho.

Gari liliuzwa kabla ya mvua. Mnunuzi alikuwa kijana mpole, mwalimu, aliyelikagua kila upande na kusema kidevu atakitengeneza mwenyewe. Akauliza kama lina siri yoyote ya kuendesha. Fundi alimweleza habari ya mshazari, na ya kuachia breki kabla ya tuta. Alieleza vizuri, kwa sauti ya kazi, kama anavyomweleza mteja namna ya kusafisha ngozi. Gari lilipotoka getini alikuwa ameshaingia bandani, cherehani inakimbia.

Bado anashona. Kazi yake haijapungua uzuri, na akitaniwa anatania, ingawa anachelewa kidogo, kama mtu anayetafsiri. Shemeji huja jioni, hukaa kwenye kigoda cha wateja. Ukipita ukamuuliza Fundi hali, hakuambii njema wala mbaya. Anakata uzi kwa meno, anakutazama, anasema, "Nipo."