Nyasi Nilizowatandikia Wakwe

Bora mnisikie mimi kabla hamjasimuliwa na majirani: siku walipokuja kumposa mdogo wangu Koku, mshenga wao aliinuka kutoka sakafuni mbele ya koo mbili, na nyasi zikainuka naye, zimeng'ang'ania nyuma ya kanzu kama mkia wa jogoo. Aliyezitandika ni mimi.

Hapa kwetu Chonyonyo mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi sebuleni, na zile laini hukatwa bondeni, lakini asubuhi ile bondeni kulikuwa na tope na mimi nilikuwa na haraka, nikaona kule mlimani, malishoni, nyasi ndefu za rangi ya shaba zenye vishungi vyeusi vya mbegu, zinapendeza kuliko zulia (nilijisifu hivyo hivyo, kwa sauti), nikakata mzigo mzima. Nilivaa mabuti na koti zito, sikuhisi kitu. Nikazitandika, halafu, ili zisinyauke, nikazinyunyizia maji.

Maji ndiyo yaliyoharibu kabisa. Nyasi zile hata moto hauziui, shina hubaki ardhini na kuchipua tena mvua ikinyesha, na mbegu yake ina ncha kama sindano, vinywele vilivyolala kuelekea nyuma ili isichomoke, na mkia mrefu uliosokotwa kama kamba. Mkia ukipata unyevu hujizungusha wenyewe na kuisukuma mbegu ndani kama keekee. (Hayo niliyajua baadaye, nikizichomoa moja moja.)

Koku akaingia kusalimia. Akapiga magoti, "Shikamoo baba, shikamoo mama," akisogea kwa magoti kutoka mgeni hadi mgeni, na alipofika kwa shangazi wa kijana machozi yalikuwa yanamtiririka.

Shangazi akamshika kidevu. "Mwanangu, unalazimishwa?"

"Hapana, mama. Ni nyasi."

"Nyasi!" Akatugeukia sisi. "Mtoto analia, mnamfundisha kusema nyasi?"

Kijana mwenyewe akainamisha kichwa (nilimwona, alikwisha kuamini kwamba hatakiwi), na mshenga, mfugaji wa Kyerwa aliyekaa chini kama inavyompasa mtu aliyekuja kuomba, akasema posa ya machozi haina baraka, waondoke. Ndipo akainuka, na mkia wake.

Akapapasa nyuma, akachomoa mbegu, akaitazama. "Hizi kwetu huchoma kondoo mpaka nyama. Nani kaziingiza ndani?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Wewe ni nani wa binti?"

"Kaka yake."

"Na mahari utakula?"

Watu wakacheka, hata baba. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameinama akimchomoa Koku mbegu magotini, taratibu, na alipomaliza akasema, "Nyasi nimezisikia. Binti bado sijamsikia. Nitarudi peke yangu nimwulize."

Sitatandika tena nyasi ambazo sijazikalia mwenyewe kwanza, hilo nimeapa. Ila shangazi hajarudi bado, na juzi nilipomwuliza Koku kama kweli anamtaka yule kijana (swali ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwuliza), alisema jibu anamwekea shangazi.