Kibaba Nilichopimiwa Tunduma

Siku ya kwanza kazini Boma walinipa mizani ndogo, daftari na kaptula mbili za kaki. Karani Mkuu, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Wewe utakuwa karani wa bei. Andika ulichokiona, si ulichokisikia." Nikadhani kazi rahisi! Ninyi mnaosoma bei zimeshapangwa kwenye karatasi, hamjui miguu iliyozifuata.

Nilianzia Saza, kwenye machimbo ya dhahabu. Kisha nikahamishiwa Tunduma, na huko kazi ikawa ya pande mbili za mpaka. Vibarua wa barabara, wa kambi ya Mpemba karibu na Tunduma, walikuwa wanavuka kwenda kwenye migodi ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini. Bwana Shauri, Mzungu aliyetusimamia, alitaka kujua kama maisha ya kwetu ni ghali kuliko ya ng'ambo. Yakiwa ghali, posho ya vibarua ingeongezwa.

Mmoja wao alikuwa Siwale, mume wa dada yangu Tamari. Walikuwa na watoto watano, na posho haikuwafikisha Jumamosi. "Shemeji," aliniambia, "nakungoja wewe. Ikiongezwa nabaki. Isipoongezwa, navuka na wanangu wote."

Kila soko nilinunua unga, maharage na chumvi, kibaba kimoja kimoja, nikapima uzito. Sasa kibaba kina namna mbili. Kuna cha mfuto, kinachofutwa juu kwa kijiti kikawa sawa, na cha tele, kinachorundikwa mpaka kinamwagika. Bei za pande zote mbili zilikaribiana. Ng'ambo walinipimia cha mfuto, wakaongeza konzi moja juu, mbasela wenyewe wanavyoiita. Tunduma walinipimia cha tele. Basi Tunduma ikatoka nafuu, nikatia sahihi.

"Safi, karani," alisema Bwana Shauri. "Hakuna haja ya nyongeza."

Nilipomsimulia mke wangu Raheli, alicheka mpaka akakaa chini.

"Cha tele? Tunduma hii hii? Tangu nije hapa sijakiona! Wewe unakwenda na kaki ya serikali, nani atakupunja? Ng'ambo kaki yako haiwatishi, hapa inawatisha. Wanadhani umekuja kukagua vipimo, baba!"

Kesho yake nikamtuma yeye. Akarudi na unga wa mfuto, tena muuzaji alikuwa ametumbukiza kidole gumba ndani ya kibaba. Mbasela hakuna. Nikapima mara mbili. Tunduma ndiyo iliyokuwa ghali, wala si kidogo.

Kikao cha Mbeya cha kuamua posho kilikuwa bado wiki mbili. Nikamwendea Bwana Shauri nikamwambia nimekosea.

Hakuinua macho. "Andika barua, useme kosa ni lako. Lakini cheo cha daraja la pili, usahau."

Cheo kile nilikuwa nimekingoja miaka sita. Nikasema nitaandika kesho. Niliogopa, nawaambia kweli, niliogopa. Kesho ikazaa kesho, na barua yangu ilipofika Mbeya kikao kilikuwa kimepita siku tatu. Ikawekwa hadi mwaka uliofuata.

Siwale hakungoja. Alivuka na familia yake, mizigo kichwani. Dada Tamari alinishika mikono miwili, akasema, "Umejitahidi, mdogo wangu. Mungu akulipe."

Mwaka uliofuata posho ikaongezwa. Bwana Shauri alikuwa ameshahamishwa, na mkubwa mpya, asiyejua habari ile, akanipa na cheo. Nilitumikia Mbeya, kisha Mbozi, mpaka nikastaafu. Sasa napalilia kahawa yangu, na pensheni ninayokula ni ya daraja la pili.

Tamari alizikwa ng'ambo. Watoto wake wamekuwa wazee huko, Kiswahili chao cha kubabaisha. Nikienda hunichinjia kuku, wakawaita wajukuu waje waone mjomba aliyempigania babu yao serikalini. Namla kuku yule. Sijawahi kuwaambia.