Mzee Jotham, Aliyerudi Vitani Kila Jioni

Alizaliwa Jotham Rwegasira mwaka 1955 huko Kanyigo, karibu na mpaka wa Uganda, akabatizwa harakaharaka kwa sababu ya homa ambayo wakubwa walikwisha kuikatia tamaa. Hakufa. Alikua, akaingia jeshini, akasomea uhandisi wa mitambo, akamwoa Auleria, na mwaka uliofuata, 1978, akapelekwa kwenye vita vya Kagera. Miaka ya tisini alikuja hapa Dubai kuwa mhandisi wa lifti. Alipostaafu, binti yao Fortunata, anayefanya kazi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, aliwachukulia wazazi viza wazeekee kwake Deira, humuhumu Dubai. Padre ameniagiza mimi katekista niyaandike maisha haya kwa ajili ya jumuiya yetu. Nimeandika, nimefuta, na bado kichwa kinanizunguka.

Wapo wanaoshuhudia muujiza: lifti ilikwama na mama mjamzito ndani, Mzee Jotham akafanya ishara ya msalaba, ikashuka. Nilimwuliza mwenyewe, akanicheka. "Katekista, ilikuwa breki. Niliilegeza, khalas, basi." Jamani, niandike muujiza ambao mtenda anaukana? Nimeuandika. Padre ataamua.

Linalonisumbua zaidi ni la mlangoni. Jioni moja, kama alivyonisimulia, alitoka dukani na mfuko wa mchele begani, ufunguo ameusahau, akapiga hodi kwake mwenyewe. Mama Auleria akafungua, akasema, "Umerudi vitani, baba Fortunata?" Moyo ulimpasuka mzee. Akajua mkewe akili imemtoka. Hata hivyo hakumbishia, alisimama wima, akapiga saluti, akajibu, "Nimerudi salama." Mama akatokwa na machozi, akamketisha, akamletea kahawa ya kutafuna kiganjani, kama Wahaya wanavyompokea mgeni wa heshima.

Tangu siku hiyo, kila jioni, mzee alitoka makusudi ili arudi. Magoti yalimuuma, joto la Agosti lilimchoma, naye alishuka, akazunguka jengo, akapanda kupiga hodi. Nilimwambia huo ni uongo, na uongo ni dhambi. Akaniuliza, "Kwa hiyo nimwache asubiri?"

Alifariki mwezi Machi mwaka huu kwa ugonjwa wa moyo. Fortunata alimweleza mama yake, kisha akausindikiza mwili Kanyigo. Mama, kwa udhaifu wa miguu, alibaki na majirani. Jumuiya ikachanganyikiwa. Sasa nani atapiga hodi? Wengine walisema mama keshaambiwa, inatosha. Wengine wakasema atasahau, atangoja mlangoni hadi naye afe. Mwishowe tukamtuma Josephat, jirani yao, askari wa ulinzi, avae sare yake. Nilikwenda naye. Alipiga hodi, mlango ukafunguliwa, akapiga saluti. "Nimerudi salama, mama."

Mama Auleria alimtazama toka kofia hadi viatu. "We Josephat, una wazimu? Mume wangu amekufa, nimemlilia." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, katekista mzima! Mzee wangu ndiye aliyetokwa na akili. Aliporudi vitani kwelikweli hakunikuta. Nilikuwa nimekimbilia kwa wazazi, akakuta nyumba tupu. Uzee ukamrudisha kule kule, akapiga hodi kwake mwenyewe, mfuko begani kama askari, akawa ananipigia saluti kila jioni. Ningemfanyaje? Nikawa nampokea."

Sikumwambia alichoniambia mumewe, na sijui kama nilifanya vyema. Nani alikuwa akimtunza mwenzake? Padre alinituma kuandika mtakatifu mmoja, na mimi nimeshindwa kumtenga na mkewe.

Ndugu wapendwa, hatuwezi sote kupigana vita wala kushusha lifti. Lakini mfano huu tunauweza, hata mimi nisiyeuelewa sawasawa: anayerudi nyumbani leo apige hodi, ingawa ufunguo anao mfukoni, na aliye ndani, hata kama amechoka, ainuke akafungue.