Programu ya Shangazi ya Kupima Wachumba

Kwetu Karagwe, kabla watu hawajaoana, huulizwa ukoo na muziro, yaani kile ambacho ukoo wako hauli. Wenye muziro mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana. Katika familia yetu msimamizi wa hayo ni shangazi yangu wa Rugu, na daftari lake la majina lilikuwa limechakaa hadi kurasa zinashikwa kwa pini. Nikamwambia nitamtengenezea programu ya kompyuta. Akanisifu kwa wema wangu. Wema gani! Nilikuwa na mwanamume wangu kule Kimuli, upande wa Kyerwa, na nilikuwa naogopa siku shangazi atakaposikia habari zake na kunikatalia. Nilitaka nijue mapema.

Nafundisha jiografia, programu zinaandikwaje, sijui. Nilimweleza tu msaidizi wa akili mnemba, kwa Kiswahili changu cha kila siku: visanduku viwili vya majina, kitufe kimoja, jibu. Akaandika. Dirisha lilipofunguka kwenye laptopu yangu nilipiga vigelegele peke yangu, mpaka jirani yangu pale Ndama ninakoishi akaja kuuliza nani kajifungua. Wiki nzima nikaingiza majina na vijiji kutoka daftari la shangazi, na la mwanamume wangu nikalichomeka katikati. Nikatujaribu sisi wawili. “Hawana undugu. Wanaweza kuoana.” Niliruka, chai ikamwagika.

Jumamosi nikaenda Rugu. Shikamoo, marahaba, kahawa ya kutafuna kiganjani, kisha nikafungua laptopu kwa madaha. Shangazi akavaa miwani, akaipitia orodha yote jina kwa jina.

“Weka wewe na kaka yako,” akasema.

Kaka yangu, baba mmoja, mama mmoja. Nikaweka. “Hawana undugu. Wanaweza kuoana.”

“Mawe! Mama yangu!” Shangazi akashika mbavu. “Basi kaka yako apeleke mahari kwa baba yake mwenyewe!”

Nilicheka mpaka machozi, huku moyo ukizama. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Mimi na kaka hatuna jina la pamoja. Msaidizi alikuwa akitambua ndugu kwa jina la mwisho, nami sikumkataza, maana sikuwahi kufikiri kuna asiyejua jambo hilo. Kumbe furaha yangu ya wiki nzima ilikuwa bure.

Nikamwandikia palepale: acha majina, angalia ukoo na muziro, wa baba na wa mama. Akaomba radhi, akarekebisha. Safari hii mimi na kaka tukakataliwa vizuri.

“Sasa weka yule wa Kimuli.”

Nikajifanya sijasikia.

“Nimemwona kwenye orodha. Kwenye daftari langu hayumo.”

Nikaweka, uso unawaka. Programu ikadai muziro wake, nami sikuwa nao. Miezi yote ile sikuthubutu kumuuliza, nisije nikajibiwa. Shangazi akanyoosha mkono nimpe simu. Akampigia, akafungua spika, akaitikia shikamoo yake yenye kigugumizi, akamuuliza bila kuzunguka: kwenu hamli nini? Na kwa mama yako? Nikaandika alivyojibu, nikikosea kila herufi.

Kabla sijafika kwenye kitufe, shangazi alikuwa amekwisha kumwambia, “Njoo na wazee wako, mwanangu. Na msichelewe, huyu ananivunjia kiti kwa kurukaruka.”

Nilibonyeza hivyohivyo. Nikasoma, “Hawana undugu. Wanaweza kuoana,” nikabonyeza tena.