Saa ya Shangazi Halo

Shangazi yangu alikuwa haoni tangu utotoni, na kazi aliyoifanya mpaka akastaafu ilikuwa kuwaunganisha watu wanaoona. Alikuwa opereta wa simu katika ofisi kubwa ya ghorofa, enzi zile ambapo kila simu ilipita kwanza kwa mtu mmoja. Alikaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha (la nini, alikuwa akiuliza), kisikilizio kichwani, vidole juu ya vitufe. Ukimpigia mara ya pili ukasema tu "Halo", alikutaja jina na kukuuliza kama mafua yameisha. Sisi watoto tulimwita Shangazi Halo, maana hata ukibisha hodi nyumbani kwake alijibu, "Halo! Nikuunganishe na nani?" Na humo ndani yuko peke yake.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya karakana ya kuchomelea milango ya chuma. Naikumbuka mpaka leo kwa mikono zaidi ya macho, kwa sababu alitufundisha kuizoea hivyo. Kopo la sukari lilifungwa mpira wa kubana, la chumvi halikufungwa kitu. Magauni ya buluu yalikuwa na pini ndani ya kola. Redio ya sebuleni iliongea chinichini kutwa nzima ili ajue sebule iko wapi. Na ole wako umtembelee usogeze kiti! Angekusema wewe, akamsema na aliyekuzaa, halafu akakumiminia chai kikombe kikajaa bila tone kumwagika, ukabaki na aibu yako.

Alipostaafu alijinunulia saa inayosema, kwenye duka la vifaa vya umeme mjini. Ilikuwa ya plastiki, duara, inaenea kiganjani kama sabuni ya kuogea. Ukiibonyeza juu, sauti ya binti inakutajia saa. Tatizo ni kwamba waliomfundisha yule binti Kiswahili hawakumfundisha saa za Kiswahili. Asubuhi ya kwanza shangazi aliamka, akabonyeza, akaambiwa, "Saa saba kamili." Akatupigia simu kulalamika kwamba binti ana njaa, anamtangazia chakula cha mchana na yeye hata uso hajanawa. Baba, ambaye ni mdogo wake, akaenda akairudisha ile saa nyuma kwa saa sita. Tangu siku hiyo binti akasema kama sisi, na shangazi akawa hana shida na mtu.

Watu walimwuliza kwa nini asingojee tu redio itangaze saa. Alijibu kwamba redio husema saa inapotaka yenyewe. Saa yake ilisema alipotaka yeye, na kwa mtu aliyeishi akiulizia kila kitu, hilo halikuwa jambo dogo.

Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja. Iliisha, saa ikaendelea, tukasahau kama kuna kitu kinaitwa waranti. Halafu mwaka mwingine ukiwa katikati binti akaanza kuvuta maneno kama mlevi, kisha akawa anaruka saa. Unabonyeza anasema saa tano, unabonyeza tena anasema saa nane. Siku moja mama alimkuta shangazi ameketi sakafuni, kaegemea kitanda, jasho linamtoka. Alikuwa amemeza vidonge vya presha mara mbili mchana mmoja, kwa kumwamini binti.

Baba hakutaka kusikia la mtu. "Dada, basi. Unahamia kwangu."

"Kibovu ni saa," shangazi akasema, "ninayehamishwa ni mimi?"

"Sitaki kuja kukuokota siku moja."

Hapo ndipo mambo yote yaliposimama. Bila saa ya kuaminika shangazi angeiaga nyumba yake, na yeye afadhali ungemwambia aage mikono. Duka tulilipigia, tukajibiwa kwamba waranti imekwisha, tununue nyingine. Na nyingine za kusema hawakuwa wakileta tena. Simu zinazosomea watu zilikuwa bado hazijafika kwetu.

Sasa ile redio ya sebuleni ilikuwa na kipindi cha wakili aliyejibu maswali ya wateja waliouziwa vitu vibovu, na shangazi hakuwa akikikosa. Akaniambia, "Vaa viatu, unanipeleka dukani." Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, sina kisingizio.

Duka lilikuwa na kaunta ndefu ya kioo, feni zikizunguka juu ya maboksi, rimoti zimefungwa nailoni. Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. "Mama, pole sana, lakini waranti ilishakwisha."

"Mwanangu, waranti ni ahadi yako wewe," shangazi akasema. "Ilipokwisha hiyo, ya sheria haikwisha. Kitu cha bei kama hii hakinunuliwi kife kabla sijaizoea sauti yake. Kama mimi sijakiharibu, aliyeniuzia anakitengeneza, au ananipa kingine, au ananirudishia changu."

"Basi tungekuelekeza kwa waliotengeneza."

"Waliotengeneza siwajui. Nilinunua kwako." Akatoa risiti kwenye mkoba, akaiweka kwenye kioo taratibu kama anayecheza karata ya mwisho.

Meneja akaita fundi. Fundi akaifungua saa, akatafuta maji, hakuna. Akatafuta mchanga, alama ya kuanguka, hakuna. Nilianza kuchekea moyoni. Kisha akamnong'oneza meneja kitu, na meneja akapata nguvu mpya. "Mama, saa hii ilirudishwa nyuma saa sita. Mliichezea mipangilio. Ndiyo maana imeharibika."

Mimi nilinywea. Shangazi hata hakutikisika. "Sasa hivi ni saa ngapi, mwanangu?"

Mkufu wa saa ya meneja ukalia mkononi. "Saa nne."

"Na huo mshale mfupi umesimama kwenye ngapi?"

Meneja akaitazama saa yake. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na pasi yake kwapani akachungulia mkono wa meneja, akatangaza kwa sauti, "Kumi!"

"Basi na yako imeharibika," shangazi akasema. "Nani aliichezea?"

Foleni nzima ikavunjika mbavu, na fundi akajificha nyuma ya boksi la feni. Meneja mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani, na kwa hilo nampenda mpaka leo, kwa sababu angeweza kununa. Akasema atarudisha pesa. Shangazi akamwuliza kama pesa hizo ukizibonyeza zinataja saa. Meneja akatoa saa mpya ya tarakimu kubwa nyekundu. Tukamtazama tu, akaona mwenyewe, akairudisha kwenye rafu. Ikabaki kutengeneza. Kipuri kingeagizwa, kingechukua wiki kadhaa, na kikifika wangepiga simu kwetu.

Wiki hizo shangazi alihamia kwetu, akisisitiza kwamba amekuja mgeni. Aliacha nguo zake kwenye begi. Siku za mwanzo aligongana na kila kitu, maana nyumba yetu ilikuwa ya watu wasiojali kiti kinalala wapi. Lakini jioni! Nikizikumbuka zile jioni natamani kurudi nikakae tena kwenye mkeka ule. Alituigizia wakubwa wa ofisini walivyobadili sauti wakipigiwa na wake zao. Yeye na baba walibishana ni nani kati yao aliyeivunja redio ya babu, ugomvi wa zaidi ya miaka arobaini, na kila mmoja ana ushahidi. Baba alikuwa mtu wa kufika nyumbani, kula, kulala. Sasa aliwahi kutoka kazini, akakaa karibu na dada yake akimchambulia nyuzi za kushonea vifungo, anaitwa "wewe mtoto" na kuitika. Mama aliniambia jikoni kwamba tangu waoane hajamsikia akicheka hivyo.

Basi siku moja jioni simu ikalia, baba akapokea. Akasema, "Ndiyo. Aa, sawa. Asante. Haya, asante." Akaweka chini.

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Wamekosea namba."

Shangazi akaendelea na kifungo chake. Kesho yake hakusema kitu, na kesho yake tena. Nikaona tu haigizi watu, na baba anazungumza sana, anatia chumvi visa ambavyo havikuhitaji chumvi, kama mtu anayeziba shimo. Siku iliyofuata, chakula kikiwa mezani, shangazi akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nimeishi na watu waliokosea namba. Hao ndio walikuwa kazi yangu. Mtu aliyekosea namba hashukuriwi mara mbili."

Baba akaweka kijiko chini.

"Nilingoja uniambie mwenyewe. Leo nimewapigia. Saa imepona tangu siku ile."

"Dada, kule utakaa na nani?"

"Na mimi."

Hakuna aliyekula. Baba akaanza kusema habari za presha, za vidonge, za ile siku ya sakafuni, na yote yalikuwa kweli. Shangazi akamwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza mpaka akaupata mkono wake, akasema bila ukali wowote, "Dukani nilidai haki yangu kwa watu baki, wakanipa. Na kwako nako nije na risiti?"

Baba aliinuka akaenda kusimama uani. Alirudi macho mekundu, akamwambia mama asitoe vyombo, chakula kifunikwe, kesho asubuhi anampeleka dada.

Tulikwenda watatu kwa gari la baba. Tulipitia dukani, shangazi akaibonyeza saa pale pale kwenye kaunta, binti akasema, "Saa tisa kamili," na nje asubuhi imechangamka. Fundi aliyeitengeneza alikuwa ameirekebisha hata zile saa sita, kwa uaminifu wote. Baba akaichukua bila kuambiwa, akageuka pembeni, akaanza kuirudisha nyuma saa sita. Alikawia kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Shangazi alisimama akimsubiri, na safari ile hakumharakisha wala hakumtania.

Nyumbani kwake aligusa ukuta, meza, kopo lenye mpira, akawasha redio. Akatuambia twende, tusikae tukamharibia viti. Alikuwa akitabasamu kama msichana aliyepewa chumba chake mwenyewe.

Aliishi humo miaka mingi baada ya hapo, na akafia humo, kitandani kwake. Lakini ninachokiona nikimkumbuka ni baba ndani ya gari siku ile, mbele ya karakana, moto wa kuchomelea ukiruka nyuma yake, ufunguo mkononi hauingii mahali pake. Mama yao alifariki baba akiwa hajaanza shule. Aliyembeba, aliyemwogesha kwa kupapasa, aliyemtambua kwenye kundi zima la watoto kwa kikohozi chake, alikuwa huyu.

"Alinilea haoni," akaniambia. "Nikadhani sasa ni zamu yangu."

Nilimpokea ufunguo, nikahamia upande wa usukani, nikaendesha gari mpaka nyumbani. Njia nzima alilia, na mimi sikumwambia anyamaze.