Mlio wa Jiwe Kavu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa jiwe hata moja. Nilipewa ndoo na tambara nikaambiwa nikaushe sakafu. Nilipouliza kwa nini sakafu ya karakana iwe kavu kama sebule ya mkwe, Fundi Mkuu alinionyesha ukuta wa nyuma, mahali plasta ilipokuwa imebanduka.

"Pale ndipo alipojibamiza aliyekuwa na kazi yako," alisema. "Mkono ulikuwa na maji, mota ikampiga shoti. Kapona, lakini vidole havikunjuki. Kwa hiyo kausha, binti."

Nilikausha mpaka kwenye kona. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Mgeta, kwenye kabichi na njegere, na kwetu wakati huo hakukuwa na umeme wa kumwogopesha mtu. Tulijua kuogopa mvua na lori linaloteleza kwenye tope. Siku ile nilijifunza woga mpya, na kwa miaka mingi niliutunza vizuri kuliko nguo zangu za sikukuu.

Karakana yetu ilikuwa Mwembesongo, nyuma ya maduka, chumba kirefu chenye mashine zilizopangwa ukutani. Ninyi mnaoingia kazi hii leo mkiwa na simu mkononi na video za kuwafundisha, niwaeleze tulichokuwa tukifanya. Vito hukatwa kwa namna mbili kubwa. Kuna vile vya pande pande vinavyomemeta, na hivyo hutaka jiwe safi linalopitisha mwanga. Halafu kuna kaboshoni, yaani jiwe lenye tumbo bapa na mgongo wa mviringo, mfano wa nusu ya yai la kuchemsha. Kaboshoni hufaa kwa mawe yenye ukungu: rubi zinazotoka chini ya milima yetu ya Uluguru, ambazo nyingi zina utando ndani, na lile jiwe la kijani lililotufikia kutoka upande wa Dodoma kupitia Dumila. Hilo la kijani ndilo lililotulisha.

Jiwe hugandishwa kwa nta kwenye kijiti tunachokiita dopu, ili vidole vipate pa kushika. Kisha unalipeleka kwenye gurudumu la kusagia, kwanza la chenga kubwa, halafu laini, halafu laini zaidi. Baada ya hapo msasa, na mwisho kipande cha ngozi chenye unga wa kung'arishia. Juu ya kila gurudumu palikuwa na bomba dogo la kudondosha maji. Maji hupoza jiwe lisipasuke, na hulishika vumbi lisiruke. Kila mashine ilikuwa na bomba lake, na kila bomba lilikuwa limefungwa.

Sababu ya kwanza ni huo umeme. Mota zilikaa palepale chini ya gurudumu, waya zimeunganishwa kwa utepe, na maji yalipodondoka yalijua njia ya kuzifikia. Sababu ya pili ni magurudumu yenyewe. Yale ya zamani yalikuwa yanakunywa maji. Ukiliacha gurudumu limesimama huku limelowa, maji hushuka upande mmoja, na asubuhi ukiliwasha linazunguka kwa kuyumba, na likiyumba sana linapasuka. Niliwahi kuona kipande kilichochomoka kikazama kwenye mlango wa mninga. Tangu siku hiyo, kila asubuhi tulisimama pembeni, mtu ananyoosha mkono kubonyeza swichi huku kageuza uso, na hakuna aliyecheka.

Sababu ya tatu alinifundisha Fundi Mkuu mwenyewe, nilipopewa mashine yangu. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye nyusi zilizokuwa nyeupe kabla ya umri wake. Alinikuta nimefungua maji kidogo, kwa kuiga picha iliyokuja na mashine. Akafunga.

"Jiwe lenye maji linakudanganya," alisema. "Likilowa linang'aa lote, hata palipo na mikwaruzo. Unadhani umemaliza, likikauka unakuta aibu. Saga kavu uone unachofanya."

"Na vumbi je, Fundi?"

"Vumbi ni la kuoga tu, mwanangu. Jioni linaondoka. Umeme ukikupiga huogi tena."

Alisema kweli kuhusu mikwaruzo. Ukisaga kavu unaona kila kitu. Mlio nao hubadilika: penye maji gurudumu linanong'ona, pakavu linalia kwa sauti nyembamba inayoingia kwenye meno. Ndani ya siku chache masikio yangu yaliuzoea ule mlio mwembamba hata nikauona ndio mlio wa kazi. Vumbi lilikuwa laini kuliko unga wa sembe. Lilikaa kwenye kope na kwenye chai. Jioni tulikwenda bombani tukaoga na kutaniana nani kazeeka zaidi siku hiyo, na kweli, lilikuwa linaondoka.

Fundi Mkuu alianza kukohoa wakati wa baridi, tukasema ni baridi. Joto likaja na kikohozi kikabaki. Alipelekwa kupimwa kifua kikuu, akapewa dawa, akazimaliza zote, akawekwa tena kwenye dawa ingawa makohozi hayakuonyesha mdudu. Kijijini kwao, juu ya Matombo, walianza kusema kachezewa na mtu anayemwonea wivu. Yeye mwenyewe aliendelea na kazi. Alikuja kazini akiwa amevaa sweta, akakaa kwenye mashine yake, na kila baada ya jiwe moja alisimama akishika meza kama aliyepanda mlima.

Siku moja Meneja wa Karakana alituita wote. Alikuwa amempeleka Fundi Mkuu kwa daktari wa mapafu Dar es Salaam, na alirudi peke yake kutuambia, bado ameshika funguo za gari.

"Si kifua kikuu," alisema. "Ni vumbi la jiwe. Limeingia kwenye mapafu likayatia makovu. Daktari anasema halisafishiki."

Mmoja wetu akauliza, "Dawa yake nini, bosi?"

"Hakuna." Meneja akatazama mashine, halafu akatutazama sisi. "Kuanzia leo kila mtu ajifunge kitambaa. Na maji yafunguliwe."

Tulifungua maji. Lakini waya zilikuwa zilezile na mota zilikuwa palepale, na kila mtu aliukumbuka ule ukuta. Mchana ule tulifanya kazi tukiogopa maji na tukiogopa vumbi, na baada ya siku chache nilianza kusikia bomba moja moja likifungwa. Tulichokuwa tukisikiliza sasa ni vifua. Mwenzako akikohoa unageuka. Ukikohoa wewe, unasingizia pilipili.

Nilimtembelea Fundi Mkuu kwao. Nilimkuta amekaa kwenye godoro, mito mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi inakataa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu." Kila neno lilimgharimu. Alinitazama mikono, akaiona misafi. Akatafuta hewa, halafu akasema, "Kumbe halikuwa la kuoga."

Alifariki kabla ya masika. Sijawahi kumlaumu. Aliogopa alichokiona kwa macho, na mimi pia niliogopa hichohicho.

Baada ya msiba Meneja alinihamishia Dumila, kwenye kituo cha kununulia mawe ghafi. Kazi yangu ikawa kukaa kwenye meza njia panda, mabasi yakipita, nikipokea wachimbaji na mifuko yao, nikilowanisha jiwe kwa mate na kulitazama juani. Wenzangu waliona nimeshushwa cheo. Mimi nililia kwa furaha ndani ya basi. Nilikaa huko mpaka karakana ilipofungwa, na nilipostaafu nilijua nimeponyoka.

Sikuponyoka. Picha ya kifua ilionyesha madoa, na daktari akanieleza kwamba makovu haya yanaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Kwa sasa napumua. Natembea mpaka dukani kwa kupumzika njiani. Kupaza sauti siwezi, sauti inaishia kooni.

Nami nina binti mmoja, Tatu. Kwa Waluguru shamba hufuata ukoo wa mama, na shamba langu la Mgeta ni lake. Sikujua kwamba na kazi hii nayo itamfuata. Alikuwa akitengeneza hereni za shanga, wateja wakaanza kumwomba za mawe, na jioni moja akaniletea simu.

"Mama, tazama. Mashine ya kusaga na kung'arisha. Ndogo, inaingia chumbani. Na wewe utanifundisha."

Niliitazama ile picha. Mota katikati, gurudumu huku na huku, hakuna bomba, hakuna trei, hakuna kifuniko. Ilikuwa ni ileile ya kwetu, imepakwa rangi mpya.

"Hiyo hapana," nilisema.

"Mama, usipokuja kunichagulia nitaagiza hiihii."

Namjua mwanangu. Ndiyo maana nilipanda basi pamoja naye kwenda Dar es Salaam kwenye duka la mashine, kifua kikinibana njia nzima. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Alinivutia kiti kabla sijaomba. "Shikamoo mama. Karibu sana, pumzika kwanza."

Nilimweleza ninachotaka, na ninyi nawaeleza hayohayo. Mashine yenye maji, si ya kuongezewa baadaye. Mota ikae mbali, izungushe magurudumu kwa mkanda, maji yasiifikie. Magurudumu yawe ya chuma yaliyopakwa almasi, kwa kuwa hayo hayanywi maji wala hayapasuki, na rubi hayaiogopi. Kila gurudumu liwe na kifuniko, na chini yake trei inayotoa tope nje, maana tope hilo likikauka ndani ya nyumba linarudi kuwa vumbi. Kijana aliitikia kwa kichwa kila nilipotaja kitu, akaniletea moja yenye vyote.

Nikabaki nimekaa. Ilikuwa imekamilika, na bado niliiogopa. Yale maji, na ule waya unaoingia ukutani.

"Umeme," nilisema. "Huyu ni mwanangu wa pekee."

Hakunicheka. Aligeuza mashine akanionyesha waya wa ardhi, kisha akanionyesha kidude kidogo kwenye plagi. "Hiki mama kikihisi umeme unavuja tu, kinakata fasta. Kabla hujasikia kitu."

"Tatu, simama kule mlangoni," nilisema.

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Simama kule."

Nikamwambia kijana awashe, afungue maji. Gurudumu likaanza kunong'ona. Niliuona ule ukuta wenye plasta iliyobanduka, niliuona waziwazi. Nikaingiza mkono wangu wote kwenye trei ya maji, nikashika chuma chake. Nilingoja. Maji yalikuwa ya baridi, basi. Nilipoutoa mkono nilikuwa nalia, na yule kijana wa watu akanipa karatasi za kujifutia.

Tuliifunga nyumbani kwangu, Mwembesongo, kwenye chumba cha uani. Ndoo ya maji juu, mpira mwembamba hadi kwenye magurudumu, mfereji wa tope nje. Nilimfundisha Tatu dopu, nta, magurudumu, msasa. Nilimfundisha pia namna ya kuona mikwaruzo: zima, futa jiwe kwa kitambaa, peleka dirishani, tazama, rudi. Inachelewesha, lakini ndiyo njia. Lile somo jingine, la kufunga maji, sikulitaja hata kidogo. Niliamua litazikwa na mimi.

Kwa miezi nilikaa uani mchana nikisikiliza. Gurudumu lilinong'ona, Tatu aliimba, oda zikaja, nami nikaanza kusinzia kwenye kiti kama wastaafu wengine.

Alasiri moja nilizinduliwa na meno yangu. Ule mlio mwembamba. Nilijua kabla sijafungua macho. Nikamwita, "Tatu!" na ikatoka pumzi tupu. Nikasimama, nikaanza kutembea kuelekea chumbani, na katikati ya uwanja hewa ikaisha. Mlango ulikuwa mbali. Mita ya umeme ilikuwa karibu, ukutani. Nikajikokota nikiushika ukuta, nikaivuta swichi kuu chini.

Kukawa kimya. Tatu akatoka, dopu mkononi, nyusi zake nyeupe.

"Mama, umeme umekatika?"

Nilitikisa kichwa. Nilichukua muda kupata hewa. "Nimekata mimi. Maji yako wapi?"

"Yapo. Nimeyafunga kidogo tu, Mama." Akaniinulia lile jiwe la kijani. "Jiwe lenye maji linadanganya. Nilitaka nione."

Sikumfundisha mimi maneno hayo, na Fundi Mkuu alifariki Tatu hajazaliwa. Nilimfuta nyusi kwa khanga yangu, na yeye, aliponiona uso, akaanza kuomba msamaha. Hakuwa na kosa. Lile somo nililodhani nitalizika, jiwe lenyewe ndilo linalolifundisha, na litamfundisha kila atakayekaa mbele yake na kutaka kazi yake iwe nzuri.

Nilimwambia yote siku ile: ukuta, vumbi la kuoga, godoro lenye mito. Ameahidi, na ninamwamini. Hata hivyo nimehamisha kiti changu. Sasa kiko chini ya mita, na swichi kuu naifikia bila kusimama. Watu wakipita husema Mama Tatu anafaidi kustaafu, anaota jua. Sioti jua. Nasikiliza gurudumu likinong'ona, na ninaogopa siku litakapolia tena nami sina pumzi ya kuinua mkono.