Tulivyong'oa bikoni ya shangazi Ifakara tukidhani ni alama ya Mjerumani

Wakuu, habari za mchana. Nawasalimu wote, hata wale ambao kazi yenu humu ni kuandika "chai" kabla hamjamaliza aya ya kwanza.

Hii siyo chai. Natamani ingekuwa chai. Naileta kama ilivyokuwa, na mjinga mkubwa kuliko wote ndani yake ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Kwa kifupi: shangazi yangu aliniachia nyumba niiangalie, nikang'oa jiwe la mpaka wa kiwanja chake, na leo chumba chake cha mbele kina X nyekundu. Twende taratibu.

Mimi ni fundi pawatila, vile vitrekta vya mkono vya kulimia, hapa Ifakara. Watu wakishamaliza kulima, pawatila zinapumzika, na fundi naye anabaki na simu mkononi. Ndiyo nikaanza kuangalia video za wazungu wanaopita na detekta, mashine ya kunusa chuma ardhini, kwenye vile vipande vya majani kando ya mitaa yao ya zamani.

Mzungu anakata kiduara cha udongo, anatoa sarafu ya enzi za babu wa babu yake, anarudisha majani mahali pake, anapangusa mikono, anaondoka. Safi kabisa.

Nikajiambia, majani hata kwetu yapo. Mtaa wa zamani upo. Na Mjerumani alipita. Hapo akili ilikuwa imeshaniaga.

Kwa mlio mbali, huku kwetu kila kitu cha kale ni cha Mjerumani. Mti mkubwa kapanda Mjerumani. Jiwe lenye mkwaruzo ni alama ya Mjerumani. Ukiwasikiliza watu, utadhani yule bwana hakuwa na kazi nyingine nchi hii zaidi ya kuzika mali na kusahau alipoizika.

Mteja wangu mmoja wa Mchombe akaniunganisha na mtu mwenye detekta. Jamaa alijiita Injinia. Injinia wa nini, hakuwahi kusema, na mimi kwa heshima ya kipumbavu sikumuuliza. Alikuwa na miwani ya jua ambayo hakuivua hata mawingu yakitanda, na akiongea na mashine yake aliiita "mama". Tukapatana: yeye utaalamu, mimi jembe na mtalimbo.

Sasa shangazi. Shangazi Leokadia ni dada wa marehemu baba yangu. Ni mjane, na nyumba yake ipo kwenye mtaa wa zamani wenye mijohoro, ule ambao kati ya barabara na nyumba kuna ukanda mpana wa majani. Wakati huo alikuwa amehamia shamba kuamia ndege. Mpunga ukianza kukomaa huachi, unahamia huko huko na sufuria lako, unashinda unafukuza ndege mpaka sauti inakauka.

Funguo aliniachia mimi. Alisema nilishe kuku na nisiruhusu mtu kugusa kitu. Nikaitikia, sawa shangazi.

Tulianza kazi asubuhi peupe, tumevaa reflekta. Hiyo reflekta ilikuwa wazo la Injinia, na ndiyo utaalamu pekee niliowahi kuuona kwake. Watu wakatuona ni watu wa maji. Akina mama wakawa wanatuuliza bomba litatoka lini, na Injinia bila haya anawajibu wiki ijayo.

Siku tatu tukapata vizibo vya soda, misumari, bawaba, kijiko bila mpini na jino la pawatila, ambalo mimi kama fundi nilijua hata ni la aina gani. Kila mlio Injinia anapiga ishara ya msalaba. Kwa kizibo cha soda!

Siku ya nne, mbele ya nyumba ya shangazi, mashine ikalia mlio mzito. Nikachimba. Chini ya tope lililoletwa na mafuriko ya miaka ya nyuma nikagonga zege. Jiwe la zege, katikati nondo, juu yake herufi tatu na tarakimu tatu.

Injinia akavua miwani. Mara ya kwanza namwona macho.

Akatafsiri pale pale. Herufi ni jina la ofisa wa Kijerumani, tarakimu ni hatua. Tukahesabu hatua mia mbili na kumi na nne kuelekea linakotoka jua, tukajikuta ndani ya saluni ya kike, mtu anasukwa. Tukahesabu upande wa pili, tukaishia kwenye choo cha mama lishe. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Injinia akasema basi tarakimu zilikuwa za kuwapoteza wezi, mali ipo chini ya jiwe lenyewe.

Tukaling'oa kwa mtalimbo. Na wakuu, mimi ndiye niliyeshika mtalimbo, nikisifiwa na watazamaji waliojaa pale.

Chini yake tulikuta maji. Mnaoijua Ifakara masika mnacheka hapo, maana huku hata ukichimba shimo la nguzo unakutana na maji. Injinia akasema Mjerumani alijua kuficha. Kesho yake simu yake haikupatikana, na mpaka naandika hapa haijapatikana.

Nikafukia shimo. Lile jiwe nikalibeba kwenye toroli mpaka gereji, likawa zuri sana la kuegeshea injini.

Sasa sikilizeni.

Mavuno yakaisha, shangazi akarudi, kuku wote wapo, akanishukuru. Haikuchukua muda zikaja habari kwamba barabara ya mtaa ule inapanuliwa na wapima watapita nyumba hadi nyumba. Mtaa mzima ukaingiwa na hofu, isipokuwa shangazi. Yeye kila aliyempita alimwambia neno moja: mimi nimepimwa. Kiwanja kilipimwa enzi za mumewe, na mpaka wa barabara unaishia barazani kwake, haugusi ukuta.

Wapima wakaja. Mkubwa wao alikuwa dada mmoja mpole, ana daftari. Akamuuliza shangazi bikoni iko wapi. Shangazi akajibu kwa raha zake kwamba tope limeifunika, lakini yeye anajua ilipo, hatua tatu kutoka kwenye mjohoro. Ni zege, ina nondo katikati, juu imeandikwa.

Nondo katikati. Wakuu, ndilo lile jiwe langu la kuegeshea injini. Umri wote huu nimeishi mjini, nimesikia neno bikoni mara elfu, na sikuwahi kujua inafananaje.

Shangazi akanigeukia, "Baba, chukua jembe umtolee dada bikoni yake."

Nikachimba. Ndiyo, nilichimba! Najua hakuna kitu na bado nachimba, jasho linanitoka, huku shangazi amesimama juu yangu ananiambia shuka kidogo tu, ipo hapo hapo. Majirani walioniona na mtalimbo siku ile wamejaa pale pale, wanaangalia juu mtini utadhani wanahesabu matunda. Sifa walinipa bure, ukweli wakaninyima.

Yule dada mpima akainama, akashika udongo, akasema taratibu kwamba hapa pameshachimbwa.

Nikaweka jembe chini. Nikaenda gereji, nikapakia jiwe kwenye toroli, nikalisukuma mtaa mzima mchana kweupe, watu wananipisha. Nikalishusha mbele yao. Katika akili yangu nilidhani wataliangalia, wataona namba, tutalirudisha shimoni, yataisha.

Dada akalitazama, akasema, "Kaka, bikoni ikishatoka mahali pake ni jiwe tu."

Na msije hapa na habari za GPS. Nilimuuliza. Akasema upo utaratibu wa kufufua mipaka, uombwe, faili la kiwanja litafutwe, wapimaji warudi. Faili la enzi hizo! Mpaka lipatikane, wao wanapima kutoka katikati ya barabara. Wakavuta futi, futi ikapita baraza, ikaingia ndani ya chumba cha mbele, chumba anacholala shangazi. Wakapiga X nyekundu ya kubomolewa.

Kisha dada akafungua daftari. Akasema kung'oa bikoni ni kosa, lazima aandike imeng'olewa na nani. Kalamu ikasubiri.

Shangazi hakuniangalia. Alisema, "Andika ng'ombe."

Mnaoijua Kilombero mnajua hilo ni jibu la kawaida. Mpunga ukikanyagwa, ng'ombe. Mfereji ukibomoka, ng'ombe. Dada akaandika, halafu akauliza, kama wanavyouliza siku zote, ng'ombe wa nani.

Ukoo wetu haujawahi kufuga hata mbuzi.

"Wa marehemu kaka yangu," akasema shangazi, yaani baba yangu mimi, akaingia ndani.

Dada mpima akafunga daftari.

Juzi nimeenda mwenyewe ofisi ya ardhi nimeandika maelezo kwa jina langu na kuomba mipaka ifufuliwe. Faili linatafutwa. Shangazi amehamishia kitanda chumba cha nyuma. Shikamoo yangu anaipokea, ila funguo anamwachia jirani.

Funzo: ukiona zege lenye nondo na namba kando ya barabara, hilo siyo la Mjerumani, ni la mwenye nyumba. Na anayekuambia Mjerumani kaacha mali, mwulize kwa nini yeye bado anatafuta mtu wa kumshikia jembe.

Anayejua jinsi ya kuharakisha kufufua mipaka aje hapa, nahitaji msaada kabla katapila halijafika. Wa matusi nao karibuni, ruksa. Ila msijisumbue kuniita ng'ombe, hilo limeshaandikwa ofisini.